Simba Haikosi Jicho la Usajili, Inakosa Msimu wa Tatu

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, mashabiki wa klabu ya soka ya Simba hugawanyika. Wapo wanaoamini kwamba viongozi wetu hawajui kuchagua wachezaji, na wapo wanaoamini kwamba mwekezaji ameishiwa ari au fedha. Mimi simo katika kundi lolote kati ya hayo. Nimeifuatilia timu hii tangu enzi ambazo habari za usajili zilisomwa magazetini asubuhi ya siku iliyofuata, na kwa jinsi ninavyoona, Simba imesajili wachezaji wazuri mara nyingi kuliko tunavyokubali, na imetumia fedha nyingi kuliko klabu nyingi za ukanda huu. Kinachotuumiza ni kwamba kikosi kizuri kikipatikana hakipewi nafasi ya kufika msimu wake wa tatu kikiwa kizima. Tunakisambaratisha, tunatangaza kwamba tunajenga upya, halafu tunashangaa kuona mtani wetu wa Jangwani, Yanga, akibeba kombe.

Nianze na kikosi ambacho kila Mwanasimba anakikumbuka. Baada ya ubingwa wa 2012, uliosindikizwa na ushindi wa mabao 5-0 dhidi ya Yanga mwezi Mei mwaka huo, Simba ilikaa misimu mitano bila taji la ligi. Mwaka 2017, ambao uliishia kwa Mohammed Dewji kutangazwa mshindi wa zabuni ya uwekezaji kwa shilingi bilioni 20 na hisa asilimia 49, ulikuwa pia mwaka wa usajili ambao hadi leo nauona kuwa bora kuliko mwingine wowote wa zama hizi. Haukuwa na majina ya kutoka mbali. Aishi Manula, Shomari Kapombe, Erasto Nyoni na John Bocco walichukuliwa Azam, Emmanuel Okwi akarejeshwa kutoka Uganda, na kwa dirisha moja tu timu ikawa na kipa, beki wa kulia, mtu wa kuziba pengo lolote la nyuma, mshambuliaji wa kati na mtu wa kuamua mechi ngumu. Wote hao walikuwa wanaifahamu ligi yetu, viwanja vyake, waamuzi wake na safari zake za basi. Okwi alimaliza msimu wa 2017/18 akiwa mfungaji bora kwa mabao 20, na ubingwa ukarudi Msimbazi, nyumbani kwa Simba.

Zaidi ya usajili wenyewe, napenda kukumbuka yaliyofuata katika madirisha ya baadaye. Klabu haikuanza upya. Iliongeza mtu mmoja mmoja pale palipokuwa na pengo. Mwaka 2018 walikuja Meddie Kagere na Clatous Chama, na Kagere akawa mfungaji bora wa ligi misimu miwili mfululizo, kwa mabao 23 na kisha 22. Agosti 2019 UD Songo ya Msumbiji ilitutoa katika Ligi ya Mabingwa Afrika kwa sare ya 1-1 Dar es Salaam, na bao lao lilifungwa na kijana aitwaye Luis Miquissone. Miezi michache baadaye, Januari 2020, kijana huyo alikuwa amevaa jezi nyekundu. Huo ndio usajili ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu hakuna aliyehitaji video iliyokatwakatwa na wakala ili kuamini uwezo wake: tulimwona kwa macho yetu akituumiza katika uwanja wetu, mbele ya mabeki wetu, katika mechi yenye presha. Joash Onyango alitoka Gor Mahia mwaka huo huo wa 2020, naye alikuwa beki ambaye mashabiki wa ukanda mzima walikwisha kumfahamu.

Matunda yake hayakufichika. Simba ilitwaa mataji manne ya ligi mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21. Ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2019, ikarudi hapo mwaka 2021 baada ya kuongoza kundi lake kwa pointi 13, kundi lililokuwa na Al Ahly na AS Vita, na ikamfunga huyo Al Ahly 1-0 kwa bao la Miquissone katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Kuanzia msimu wa 2018/19 timu iliongozwa na Patrick Aussems, kisha Sven Vandenbroeck, kisha Didier Gomes, na bado haikuyumba sana, kwa kuwa wachezaji wenyewe walikwisha kujuana. Kocha mpya alikuta watu wanaojua nani anakimbia wapi mpira ukifika kwa Chama, naye akaongeza yake juu ya hayo. Tulitolewa na Kaizer Chiefs kwa kufungwa 4-0 kule Johannesburg kabla ya kushinda 3-0 nyumbani, na kwa timu iliyokuwa imekomaa kiasi kile, kazi iliyobaki ilikuwa ndogo na ya wazi: kutafuta kiungo mkabaji mwenye nguvu zaidi, kutafuta beki wa kati mwenye umri mdogo kuliko Pascal Wawa, na kurudi tena mwaka unaofuata.

Badala yake, mwezi Agosti 2021 Chama aliuzwa RS Berkane na Miquissone akauzwa Al Ahly, wote katika dirisha moja. Sipingi klabu kuuza. Klabu ya kwetu isiyouza haiwezi kuishi, na historia yetu ya kuuza ina aibu zake: Mbwana Samatta tulikaa naye msimu mmoja tu kabla ya kwenda TP Mazembe mwaka 2011, na Okwi tulimuuza Étoile du Sahel Januari 2013 fedha zake zikawa hadithi ya miaka. Ukilinganisha na hayo, mauzo ya 2021 yalifanyika kwa ustadi. Hata hivyo, kuwaondoa kwa wakati mmoja watu wawili ambao karibu kila shambulio letu lilipitia kwao, bila kuwa na hata mmoja aliyekuwa akiandaliwa nyuma yao, ilikuwa ni kuifanya timu ianze kujifunza upya namna ya kushambulia huku ikiwa imebakiza majuma machache kabla ya mechi za Afrika. Waliokuja hawakuwa wabaya hata kidogo. Pape Ousmane Sakho baadaye alitunukiwa tuzo ya bao bora la mwaka Afrika, Henock Inonga akawa beki wa kati tuliyemtegemea kwa misimu mitatu, na Kibu Denis tulimchukua Mbeya City akawa kipenzi cha jukwaa. Lakini wazuri hao walikuwa wageni kwa wenzao. Tarehe 24 Oktoba 2021, baada ya kushinda 2-0 Botswana, tulifungwa 3-1 na Jwaneng Galaxy mbele ya watu wetu na kutolewa kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Gomes akaondoka. Chama alirejeshwa Januari 2022, jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa sawa na kukiri kwamba pengo lake halikupangwa, na Yanga ikamaliza msimu ule bingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi.

Tangu hapo neno la kujenga upya limekuwa la kila mwaka. Tazameni nafasi ya mshambuliaji wa kati peke yake. Mwaka 2022 aliletwa Moses Phiri kutoka Zanaco, na pamoja naye Mserbia Dejan Georgijević aliyeondoka kabla mashabiki hawajazoea kulitamka jina lake. Januari 2023 akaja Jean Baleke kutoka TP Mazembe, akafunga, tukampenda. Mwaka mmoja baadaye, katika dirisha dogo la Januari 2024, Baleke na Phiri wote waliondoka katikati ya msimu, wakaletwa Freddy Koublan na Pa Omar Jobe, na msimu uliofuata hao nao hawakuwepo. Kisha wakaja Steven Mukwala na Lionel Ateba, na mwaka 2025 akaongezwa Jonathan Sowah kutoka Singida Black Stars. Sitaki kubishana kuhusu ubora wa mmoja mmoja. Mshambuliaji wa kati anaishi kwa pasi za wengine, na pasi hizo huhitaji muda ili zimfikie anapozitaka. Ukimbadilisha kila baada ya miezi 12, kila mara unamhukumu mtu kwa kazi ambayo hajapewa nafasi ya kuifanya, na unamfundisha kiungo wako kwamba hakuna haja ya kumzoea anayecheza mbele yake.

Msimu wa 2023/24 ulionesha gharama ya mtindo huo. Majira yale ya kiangazi walikuwa wamekuja Fabrice Ngoma, Che Malone Fondoh, Willy Onana na Aubin Kramo, na Miquissone mwenyewe alikuwa amerudi. Kwenye karatasi kilikuwa kikosi cha kutisha, na tulipotoka sare ya 2-2 na Al Ahly katika ufunguzi wa African Football League mwezi Oktoba tuliamini kwamba kazi imekwisha. Kramo aliandamwa na majeraha, Miquissone aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka, na tarehe 5 Novemba Yanga ikatufunga 5-1. Kocha Robertinho alifukuzwa, akaja Abdelhak Benchikha, naye akaondoka Aprili akitaja sababu za kifamilia, na Juma Mgunda akaitwa tena kuzima moto kama alivyoitwa mwaka 2022. Tulimaliza nafasi ya tatu tukiwa na pointi 69 sawa na Azam waliotupita kwa tofauti ya mabao. Katika msimu huo huo tulibadili kocha na washambuliaji kwa wakati mmoja, na kisha tukawalaumu wachezaji kwa kukosa muunganiko.

Sasa nizungumzie sehemu moja ya uwanja ambayo haikuwahi kutusumbua katika miaka yote hiyo, nayo ni pembeni mwa safu ya ulinzi. Mohamed Hussein, ambaye wote tunamwita Tshabalala, alitoka Kagera Sugar mwaka 2014. Kapombe alirudi mwaka 2017. Kuanzia hapo hadi 2025, kwa misimu minane, Simba ilikuwa na beki wa kulia na beki wa kushoto wale wale. Wamepita makocha wa Ulaya, wa Afrika na wa Amerika Kusini, kila mmoja na mfumo wake. Viungo wamebadilishwa, mawinga wamebadilishwa, mabeki wa kati wamebadilishwa, na wawili hao waliendelea kupanda na kushuka. Hakuna dirisha ambalo kijiwe chochote ninachokijua kilikaa kujadili nani aletwe kucheza namba mbili au namba tatu kama wa kwanza. Waliletwa watu wa kuwapa ushindani, baadhi wakiwa wageni waliolipwa vizuri, na mwishowe Kapombe na Tshabalala walibaki kwenye kikosi cha kwanza. Wala hawakuwa wachezaji wa bei ya kutisha. Walikuwa Watanzania wawili waliosajiliwa kutoka klabu za ligi hii hii, wakapewa muda mrefu wa kukosea na kurekebisha, hadi wakawa bora katika nafasi zao nchini.

Nimerefusha maneno hapo kwa sababu naamini jibu la swali letu limekuwa likikimbia mbele ya macho yetu kila wikiendi. Kama nafasi mbili za uwanjani ziliweza kukaa miaka minane bila kelele, kwa nini nafasi ya namba sita (kiungo mkabaji), ya namba tisa (mshambuliaji wa kati) na ya winga wa kushoto zishindwe kukaa hata miaka mitatu? Na inauma zaidi kukumbuka namna Tshabalala alivyoondoka. Mwaka 2025, akiwa nahodha, mkataba wake uliisha akaenda Yanga. Nahodha aliyecheza miaka 11 asingepaswa kufika mwisho wa mkataba huku klabu ikiwa haijamaliza mazungumzo naye, iwe kwa kumwongeza au kwa kuagana naye mapema na kumtafutia mrithi anayejifunza chini yake. Wapo waliosema amezeeka, wapo waliosema ametaka fedha nyingi, na yote mawili yanawezekana. Hata hivyo hakuna kati ya hayo linaloeleza kwa nini beki wa kushoto mpya alianza kujifunza nafasi hiyo siku ambayo mwalimu wake alikuwa ameshahamia kwa mtani.

Si yeye wa kwanza kupita njia hiyo. Jonas Mkude, aliyelelewa Msimbazi na kukaa zaidi ya miaka kumi, alikwenda Yanga mwaka 2023. Augustine Okrah alifuata Januari 2024, Chama na Baleke mwaka huo huo wa 2024. Usajili wa kunyang'anyana ni wa jadi, na sisi tuna yetu: Bernard Morrison tulimtoa Jangwani mwaka 2020 kwa mzozo uliofika hadi kwenye mahakama ya michezo ya kimataifa. Mwaka 2012 Mbuyu Twite, ambaye Msimbazi ilikwisha kumhesabu kuwa wake, alitua Yanga. Utani huo una raha yake na siwezi kujifanya simcheki mtani anapolizwa. Ninachokataa ni pale ambapo kumkomoa mtani kunageuka kuwa sababu ya kumsajili mtu, au pale ambapo hofu ya kuonekana tumezidiwa kwenye mitandao inawasukuma viongozi kutangaza jina lolote kabla ya saa sita usiku.

Mtani mwenyewe, kwa bahati mbaya, ametupa mfano mzuri. Katikati ya 2021, chini ya kocha Nasreddine Nabi, Yanga ilisajili Djigui Diarra, Djuma Shaban, Yannick Bangala, Khalid Aucho na Fiston Mayele. Januari 2022 ikamchukua Ibrahim Bacca kutoka KMKM ya Zanzibar, na katikati ya mwaka huo ikamwongeza Stephane Aziz Ki. Ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023. Mayele alipouzwa Pyramids na Nabi alipoondoka, walikuja Pacome Zouzoua na Maxi Nzengeli, lakini Diarra, Aucho, Bacca na Dickson Job walikuwa bado wapo. Watu husahau kwamba Yanga nayo ilibadilisha makocha: Nabi, kisha Miguel Gamondi, kisha Sead Ramovic, kisha Miloud Hamdi, hao watatu wa mwisho wakipishana ndani ya miezi michache tu, na bado ikatwaa taji la nne mfululizo mwezi Juni 2025. Ni jambo lile lile lililotokea kwetu kati ya 2018 na 2021. Kocha anaweza kubadilika na timu ikaendelea kushinda, ikiwa uti wa mgongo umebaki.

Ndiyo maana sikubaliani na hoja kwamba Simba inahitaji tu kocha wa kudumu. Makocha wetu wengi wazuri hawakufukuzwa; walichukuliwa. Vandenbroeck alikwenda FAR Rabat Januari 2021, Zoran Maki akaondoka kwenda Misri akiwa hajamaliza hata miezi mitatu, na Fadlu Davids akachukuliwa na Raja Casablanca mwezi Septemba 2025, msimu ukiwa umeanza tu. Dimitar Pantev alikuja Oktoba na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshaondoka. Klabu za Kaskazini zina fedha ambazo hatuwezi kushindana nazo kwa sasa, na kocha anayefanya vizuri Dar es Salaam ataendelea kupigiwa simu. Ikiwa kila kocha anakuja na orodha yake ya usajili na kuondoka akiacha wachezaji ambao mrithi wake hakuwataka, basi kasi ya makocha kuondoka ndiyo inakuwa kasi ya kikosi kubomoka. Namna ya kucheza, aina ya kiungo tunayemtaka, umri wa wachezaji tunaowatafuta na masoko tunayoyaamini ni mambo yanayopaswa kukaa kwenye klabu, kwa mkurugenzi wa ufundi na maskauti wanaoripoti kwake, na kocha achaguliwe kwa kufaa ndani ya mpango huo.

Hapa ndipo mfumo wetu wa uongozi unapoleta ugumu. Simba ina upande wa mwekezaji na upande wa wanachama, ina bodi, ina mtendaji mkuu, na nafasi hiyo ya mtendaji mkuu imeshikwa na watu kadhaa tangu Senzo Mazingisa alipoondoka mwaka 2020 na, kama ilivyo ada, kuelekea Yanga. Mchezaji anapong'ara, kila upande una mtu anayedai ndiye aliyempendekeza. Anapovurunda, hana mwenyewe. Sijawahi kusikia klabu yetu ikieleza hadharani kwamba usajili fulani ulipendekezwa na idara fulani kwa sababu hizi na hizi, na kwamba haukufaulu kwa sababu hizi. Tunachoona ni picha za wachezaji wanaoachwa zenye maandishi ya Thank You, zikifuatana kama matangazo ya vifo, kisha picha za wapya wakishuka uwanja wa ndege.

Sisi mashabiki tuna mkono wetu humo. Tumeufanya msimu wa usajili kuwa mashindano kamili yenye washindi na walioshindwa, na redio za michezo hutulisha asubuhi hadi jioni. Kocha akisema kikosi kinatosha na kwamba atawapa muda wale wale, tunamwona hana makali. Simba Day, sherehe yetu ya kutambulisha kikosi, bila sura mpya zisizopungua tano tungeiita msiba. Mwezi Juni 2025, baada ya Yanga kutufunga 2-0 katika mechi ya mwisho iliyoamua ubingwa, nilisikia watu wazima wakidai kikosi kizima kipewe Thank You, kikosi ambacho mwezi mmoja tu kabla yake kilikuwa kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane.

Na kikosi hicho cha 2024/25 ndicho kinachonifanya niandike haya kwa uchungu. Kilijengwa katikati ya 2024 karibu chote kwa mara moja, kwa vijana ambao wengi hawakuwa na majina: Jean Charles Ahoua kutoka Stella Club d'Adjamé ya Abidjan, Joshua Mutale kutoka Power Dynamos, Moussa Camara langoni kutoka Horoya, Debora Mavambo, Augustine Okejepha, Yusuph Kagoma, Abdulrazack Hamza. Fadlu alisema tangu mwanzo kwamba ni mradi unaohitaji muda. Katika mwaka wake wa kwanza tu, Ahoua alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16 akiwa kiungo, tuliwatoa Al Masry kwa penalti baada ya kupindua mabao mawili, tukawatoa Stellenbosch kwa bao moja la faulo ya Ahoua pale Uwanja wa Amaan, Zanzibar, na tukapoteza fainali kwa kufungwa 2-0 Berkane na kutoka sare 1-1 Zanzibar, tukiwa pungufu baada ya Kagoma kuoneshwa kadi nyekundu. Hiyo ni timu ya msimu wa kwanza. Ilistahili kuongezewa watu watatu au wanne wenye uzoefu, na kwa haki niseme kwamba Rushine De Reuck wa Mamelodi Sundowns alikuwa usajili wa aina hiyo hasa. Lakini pamoja naye kulikuja tena msururu, nahodha akaondoka, Ngoma akaondoka, Manula akarudi Azam, na mwezi Septemba kocha mwenyewe hakuwepo.

Kuhusu wazawa nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hakuna mpango wa muda mrefu bila wao. Kanuni ya ligi inaruhusu wageni 12, kwa hiyo zaidi ya nusu ya kikosi lazima wawe Watanzania, nao ndio wasiohitaji kuzoea chochote. Mwaka 2012 tulikuwa na kizazi kizima kilichotoka timu ya vijana, akina Ramadhani Singano, Said Ndemla na Mkude, na tukakiacha kitawanyike huku wengine wakiondoka kwa mizozo ya mikataba. Kiwanja cha mazoezi cha Bunju tunacho tangu 2019. Yanga imempandisha Clement Mzize kutoka timu yake ya vijana, na ndiye aliyetufunga bao la pili siku ile ya Juni. Sisi mwaka 2025 tumewachukua Hussein Semfuko kutoka Coastal Union, Anthony Mligo na Morice Abraham, vijana ambao ningependa kuwaona wakiwa na jezi hiyo hiyo mwaka 2028, wakikosea kidogo kidogo kama Tshabalala alivyokosea mwanzoni.

Steve Barker alikabidhiwa timu Desemba 2025, dirisha dogo likiwa mlangoni. Ni yeye aliyekuwa kwenye benchi la Stellenbosch katika ile nusu fainali ya Aprili 2025, kwa hiyo anaijua Simba kwa upande ambao hakuna kati yetu anayeujua. Kabla ya kumwomba orodha ya wachezaji anaowataka, viongozi walipaswa kumuuliza ni wachezaji gani kati ya wale waliomtoa walimpa kazi kubwa zaidi katika dakika 180 zile, kisha kufungua kabati na kuangalia mikataba ya hao inaisha lini.